Euro 5 za kupita kwenye tundu la jabali: boti za Dwejra, na ile yetu ya Msimbati, Mtwara, siku ya Nane Nane

Tangu niweke zile picha za tundu la jabali watu hawaniachi, kila mtu hapo wapi hapo, mara Kilwa, mara Zanzibar, kuna mmoja kanibishia kabisa kwamba ni Shangani, ile ya kwetu Mtwara, nimepiga kwa chini chini ili ionekane kubwa. Sio Shangani. Ni Dwejra, kisiwa cha Gozo, nchi ya Malta, katikati ya Bahari ya Mediterania, ukitoka hapo kwenda kaskazini kidogo tu unakutana na Sicily ya Italia. Na kwa sababu nimechoka kujibu mmoja mmoja naandika yote hapa, boti ikoje, bei ikoje, nani kanipiga na nani kanitendea haki, na ya kwetu nitaisema pia maana mjomba kaniambia nikiisifia ya watu nikaificha ya kwetu mi ni mnafiki.

Mi ni oila, kazi yangu injini rumu. Meli yetu ilipandishwa chelezo pale Malta mwaka jana mwezi wa kumi, tukakaa wiki tatu na ushee, mafundi wanagonga huku wanachomelea kule, sisi tunapewa ofu kwa zamu. Ofu ya baharia mnaijua, wengi inaishia kwenye waifai ya bure wanapiga simu nyumbani mpaka chaji inakata. Ila mi nimekulia Shangani, mtoto wa kurukaruka kwenye yale mawe ya matumbawe yaliyoliwa na mawimbi kwa chini mpaka yamekaa kama uyoga, nikiona jabali limesimama baharini miguu inawasha. Nikamshika Mfilipino mmoja wa deki, tukatoka.

Ofu ya kwanza tukapigwa. Kuna kampuni moja ya matembezi, jina naliacha, wana kijana wao anagawa vipeperushi karibu na stendi kuu ya mabasi Valletta. Kipeperushi kinasema Gozo siku nzima, basi dogo, kivuko, mapango, boti, euro 40 kichwa. Na juu yake picha kubwa ya tao la mawe, yaani mlango wa jabali umesimama baharini na unaona anga upande wa pili. Mfilipino akasema hapa ndo penyewe. Tukatoa hela.

Tuliambiwa saa mbili asubuhi, wakaja saa tatu na dakika ishirini bila hata samahani. Kufika Gozo tukasimamishwa kwenye duka la glasi na vitambaa vya kufumwa dakika 45, dereva anakunywa kahawa na mwenye duka wanacheka, unaona kabisa hapa kuna kamisheni, kisha kanisa, kisha duka tena safari hii la jibini, Dwejra penyewe tunafika jua limeshapinda na kiongozi anatangaza mna dakika 20. Nikamuuliza boti je? Boti mnalipia wenyewe, na muda hautoshi. Nikauliza na lile tao liko wapi? Akanyoosha mkono kuelekea baharini, maji matupu, akasema lilikuwa pale.

Lilikuwa pale! Euro 40 kuonyeshwa hewa.

Habari yenyewe ni kwamba lile tao, wenyewe wanaliita Tieqa, yaani dirisha, lilianguka asubuhi ya tarehe 8 Machi 2017 kukiwa na dhoruba kali, likaingia majini lote pamoja na nguzo yake, hakikubaki hata kisiki. Lilikuwa na urefu wa kama mita 28, hebu fikiria jengo la ghorofa nane tisa hivi linaondoka asubuhi moja. Nchi yote ile ni mawe ya chokaa, mawimbi yanakula kwa chini kama yanavyokula mawe yetu pale Shangani, siku mguu ukiisha juu kunakuja chini, hilo halina wa kulaumiwa. Wa kulaumiwa ni anayeweka picha ya marehemu kwenye tangazo la kuuzia tiketi. Kwa hao nyota moja, na hiyo moja ni ya dereva, barabara zao nyembamba na aliendesha kwa adabu.

Ofu ya pili tukaenda wenyewe na hapo ndo nikaona jinsi tulivyoliwa. Basi namba 41 kutoka Valletta mpaka Ċirkewwa, zaidi ya saa nzima maana linasimama kila kona, euro 2 na senti. Kivuko cha kwenda Mġarr upande wa Gozo dakika 25. Sasa kivuko hicho kina kituko, ukienda hulipi, unapanda tu kama pantoni ya babu yako, unalipa wakati wa kurudi, euro 4.65, yaani wanajua utarudi tu, utaenda wapi na kisiwa kimeishia hapo. Nilimwambia mdogo wangu akacheka akasema hiyo ukiileta kwenye kivuko chetu cha Msangamkuu wiki moja pantoni imefilisika. Kutoka Mġarr unachukua basi mpaka mjini Victoria, halafu namba 311 mpaka Dwejra. Ukijumlisha mabasi, kivuko, boti na chai hatukufika euro 20 kila mmoja.

Chai nayo niiseme. Pale Victoria wana vibanda vinauza pastizzi, ni kama sambusa iliyokosea njia, ganda lake linachanika matabaka matabaka yanakujaa kwenye shati, ndani jibini laini au njegere zilizopondwa, bei ndogo kuliko kitu chochote nilichonunua Ulaya. Na chai ya maziwa wanakupa kwenye glasi. Baada ya miezi ya chai ya kipakiti melini, chai ya maziwa kwenye glasi, imekolea, nilikaa kimya kidogo.

Haya, Dwejra. Unashuka mteremko kwa miguu unakuta kitu kama bwawa, maji yametulia, ufukwe wa kokoto, vibanda vya wavuvi, na upande wa bahari genge (la mwamba, sio la nyanya) limesimama wima kama ukuta wa gati. Wanapaita bahari ya ndani. Palikuwa pango kubwa, paa likaporomoka, maji yakabaki yamezungukwa. Na kwenye ule ukuta, chini kabisa, kuna ufa mweusi, ukiangalia kutoka ufukweni unadhani ni kivuli tu. Ule ufa ndo njia, unapita ndani ya jabali kama mita 80 unatokea bahari kuu.

Boti zao ni ndogo, zimepigwa bluu, njano, nyekundu na kijani mpaka zinakaa kama kanga, na nyingine zina macho mawili yamechorwa omoni ili ziangalie njia. Ubao wa bei upo pale wazi, euro 5, kwa hela yetu kama elfu 14. Mbele yetu kulikuwa na wazee watalii wamevaa saa za mkono za bei ya bodaboda mpya, wakalipa euro 5. Sisi na makoti yetu ya kampuni yaliyochakaa viwiko, euro 5. Hakuna kuangaliwa viatu kwanza.

Mzee wa boti akawa anatupakia huku anahesabu vichwa kwa kidole, kwa lugha yao, mi nimeinama nafunga laifujaketi nikasikia ħamsa, sitta, sebgħa. Nikainua kichwa. Nikamwambia sita, saba! Akaniangalia. Kimalta kumbe shina lake ni Kiarabu, sasa na sisi maneno mangapi tumeyatoa huko, basi tukaanza mchezo pale pale boti haijaondoka, sisi bahari wao baħar, dunia wao dinja, kitabu ktieb, tisa disgħa. Nane tukashindwana, wao tmienja, akanitikisia kichwa kama vile mi ndo nimekosea hesabu. Na hawa watu ni Wakatoliki hasa, kila kijiji kina kanisa kubwa kuliko kijiji, lakini Mungu wanamwita Alla na Kwaresma wanaiita Randan. Mfilipino kakodoa macho, anadhani mi na yule mzee tulijuana zamani.

Tulikuwa saba. Kuna jamaa akataka kuingia awe wa nane, na nafasi ukiitazama kwa jicho la Mtwara ipo, ya watu wanne na gunia la mihogo, mzee akakataa, akamwonyesha boti ya nyuma. Hilo kaeni nalo, nitalirudia.

Ndani ya tundu kitu cha kwanza ni baridi, halafu sauti, mashine moja inalia kama tatu. Mzee akapunguza moto, mkono mmoja kwenye usukani mwingine anausukuma ukuta kwa kiganja kila boti inapousogelea, taratibu, kama mtu anayemsogeza ng'ombe. Pale maji yanapogusa jabali kuna utando wa rangi kama ya fizi za mtoto, kisha chini yake giza, kisha ghafla unaanza kuona mwanga unakuja kwa chini ya maji, sio kwa juu, kwa chini, bluu ambayo sijui niiiteje, kama mwali wa jiko la gesi. Hapo wale wazee watalii wote wakanyamaza. Tatizo moja tu, moshi wa mashine hauna pa kwenda, unavuta mafuta mpaka koo linawasha, na mi mtu wa injini rumu nasema hivyo sasa wewe mwenye pumu ujipange.

Ukitoka upande wa pili bahari inabadilika, mawimbi yananyanyua boti kwelikweli, na kushoto unaona jabali kubwa limekaa peke yake kwenye mdomo wa ghuba, mita kama 60 kwenda juu. Wanaliita jabali la jenerali. Juu yake huota mmea mmoja mwekundu, umekaa kama kirungu, na wale wapiganaji wa msalaba waliotawala Malta zamani, waliokuwa na meli zao, waliamini unazuia damu na unatibu majeraha. Basi wakalifanya mali yao, mwaka 1746 mkuu wao akapiga marufuku mtu yeyote kukanyaga pale bila ruhusa, wakachonga kuta ili pasipandike, na wenyewe wakawa wanavuka kwa tenga linaloning'inia kwenye kamba. Ukikamatwa umeiba dawa unapelekwa kupiga makasia kwenye merikebu. Na wataalamu walivyokuja kuuchunguza mmea baadaye hawakukuta ile nguvu iliyosifiwa. Nilivyomsimulia mjomba hakushangaa, akasema dawa ikishawekewa mlinzi tu bei inapanda.

Safari nzima dakika 15 hivi na unarudi kwa tundu lile lile. Ni fupi, sitaki kudanganya mtu.

Sehemu nyingine tuliyopanda boti ni kisiwa kikubwa chenyewe, kusini, panaitwa Wied iż-Żurrieq, wenyeji wana tao lao hapo wanaliita Il-Ħnejja, dunia inapajua kama pango la bluu. Hapo boti euro 10, inazunguka mapango kadhaa, na uende asubuhi maana jua likiwa upande ule ndo linapiga mchanga mweupe wa chini na maji yanawaka, mchana ukienda utaona maji tu. Mbele yako baharini kuna kisiwa kidogo Filfla, hakikai mtu, Waingereza walikuwa wanakitumia kulengea mizinga mpaka 1971, sasa ni hifadhi na kushuka hovyo hairuhusiwi.

Lakini hapo nilienda mara mbili. Mara ya kwanza hatukupanda. Siku hiyo ulikuwa unavuma upepo wa kusini mashariki, wao wanauita xlokk, tamka shlok, sisi huku tungesema kusi limeamka, na ile korongo ya kutokea boti imeangalia kusini kabisa. Kwa macho ya mtu wa kawaida bahari ilikuwa inaendeka. Watu kama 50 kwenye foleni, wametoka mbali. Wenye boti wamekaa kwenye ngazi, ubao umegeuzwa, hakuna safari leo. Kuna jamaa alitoa noti ya euro 50 akamsogezea mmoja, yule bwana hata hakuitazama, aliendelea kula mkate wake na jodari na nyanya mpaka akaumaliza, akapangusa mikono, akaenda kukaza kamba ya boti yake. Tulirudi na basi namba 74 mikono mitupu, na ndo huduma bora kuliko zote nilizopewa nchi ile, wala sikulipa kitu.

Kwa chini ya maji sasa niwe mkweli. Maji yao yako wazi mpaka unaona mawe chini kabisa, nilichovya nikaogelea kidogo pale Dwejra, ila samaki wa kuhesabu, na bustani za matumbawe kama zetu hamna. Jabali, majani ya baharini, jabali. Mtu aliyewahi kuzama kwetu Mnazi Bay na kimiwani cha elfu tano hawezi kupagawa. Wao uzuri wao wote uko juu ya maji, na wameushika vizuri.

Nimerudi likizo mwezi wa saba. Jioni moja nikavuka Msangamkuu kumsalimia mjomba, nahodha wa mashua tangu sijazaliwa, kamaliza kula ming'oko yake kakaa chini ya mkungu.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Lete hiyo simu, nasikia umepanda boti inaingia ukutani."

Nikamwekea video. Akaitazama mara ya kwanza kimya. Mara ya pili akasimamisha kwa kidole pale tunapoingia kwenye tundu. "Hapa maji yanajaa au yanapwa?"

"Hayajai wala hayapwi mjomba. Yanapanda kama kiganja hivi, basi."

"Na bamvua?"

"Bamvua hawana."

Akaniangalia kama vile nimemtukania mtu. "Yaani kila siku hivi hivi? Sasa wanawake wanatoka saa ngapi? Pweza wanamtoa wapi?" Nikamwambia wanatega, wanazamia, wengine wananunua dukani. Mkewe ndani akasikia akapaza sauti, "Basi hiyo si bahari, hicho ni kisima!" Tukacheka sana, ila mi nilikuwa sijawahi kuliwaza hilo, kwamba ile boti ya Dwejra inaweza kuandika saa kwenye ubao kwa sababu maji yake hayaendi popote, na huku kwetu bahari inashuka mita tatu na zaidi ukiwa na bamvua, ukikosea saa moja ulipoteremkia kuna matope na mawe. Kazi ya nahodha wa huku ni kubwa kuliko ya yule mzee. Mjomba akauliza ulilipa ngapi, nikamwambia elfu 14, akauliza kutoka wapi mpaka wapi, nikamwonyesha, akapima kwa macho akasema kwa elfu 14 mi ningemvusha na mama yake.

Halafu akasimamisha video tena pale mzee anapomkataa yule wa nane. Akairudisha nyuma. Akairudisha tena. Hakusema kitu, akanirudishia simu.

Ndo akaniambia sasa andika na ya Nane Nane.

Ya Nane Nane ni hivi. Tulienda Msimbati familia nzima, dada zangu, watoto, jumla 14, Noah imetufikisha kwa vumbi mpaka kope zimekuwa nyekundu. Ufukwe siwezi kuueleza kwa waliofika, mchanga mweupe mpana na bahari kuu iko hatua chache tu, bluu kizito, unaona kabisa hapo chini pamekatika ghafla. Eneo lote hilo ni Hifadhi ya Bahari tangu mwaka 2000, kilometa za mraba kama 650, ghuba, visiwa, mikoko mpaka mdomo wa Ruvuma, ng'ambo Msumbiji. Tukapata mwenye boti, simtaji, atajijua. Elfu tano kichwa, watoto nusu. Ilikuwa saa nne na upepo bado umelala.

Laifujaketi zilikuwa mbili. Moja kaikalia yeye. Nikamwambia kaka watoto je, akasema bro hii bahari naijua kama sebule yangu. Na mi, mtu ninayeishi melini, niliyeona kwa macho yangu yule bwana anakula mkate mbele ya euro 50, nikapanda. Nikapandisha na watoto wa dada zangu. Hilo nalibeba mwenyewe simtwishi mtu, maana wote tulikuwa tumeshafurahi, mtu unaona aibu kuwa wewe ndo wa kuharibu.

Kwenda ilikuwa raha, siku ile ningeweka nyota saba. Tulitua kwenye mchanga ambao hauna nyayo hata moja, watoto wameona kasa anainua kichwa, na wakati tunakula dada mdogo akapiga kelele, nyangumi wawili mbali kule nje wanapuliza, mmoja akainua mkia akaushusha taratibu bila haraka. Ni msimu wao huo wanapita. Malta hakuna aliyeniuzia hicho kwa bei yoyote.

Saa nane kusi likaamka. Tukamwambia turudi, akasema bado kuna samaki anaomba achomewe. Saa tisa mawimbi yana vichwa vyeupe, tukaondoka, katikati mashine ikazima, kimya kabisa, unasikia maji tu yanapiga ubavu. Akafungua kifuniko, akavuta kamba mara tano, sita, kisha akatugeukia akasema jamani hii elfu tano mliyotoa haikuwa na mafuta ya kurudi, tuchangie. Hapo hapo. Baharini. Dada yangu mkubwa ana mtoto mgongoni, boti inayumba, na mtu anafanya makadirio. Tukachanga elfu 20, akatoa kidumu alichokuwa nacho muda wote chini ya kiti. Kidumu kilikuwepo!

Tumefika maji yamekupwa, boti haifiki ufukweni, tukateremka maji ya goti tukatembea juu ya mawe na miiba ya baharini karibu nusu kilometa, watoto mabegani, kiatu changu kimoja kiko huko mpaka leo. Na kupwa sio bahati mbaya, bwana, kupwa inajulikana, mjomba wangu anaijua ya wiki ijayo bila kalenda.

Kwa hiyo nyota. Boti za Dwejra nampa nne na nusu, nusu nimekata kwa ule moshi. Wied iż-Żurrieq nne kwa safari, na tano kwa siku waliyokataa kutupeleka. Kampuni ya euro 40 moja. Yule wa Nane Nane nimempa mbili, dada zangu wanasema nimependelea, moja inatosha, ila nyangumi siwezi kuwatoa. Sio kwamba wenye boti wote wa Msimbati wako hivyo, kuna watu makini pale, ukienda uliza kwanza laifujaketi ziko ngapi, uzihesabu kwa mkono, uliza mnarudi saa ngapi na maji yatakuwa wapi saa hiyo, hela ya kurudi baki nayo mpaka mguu uguse mchanga. Akinuna tafuta mwingine.

Na kama utabahatika kufika Dwejra kaa kushoto wakati wa kwenda, karibu na omo, ule mwanga wa chini ya maji utauona wa kwanza. Beba sweta. Kuhusu viza msiniulize inboksi, mi nilishuka na pasi ya ubaharia, sijui njia nyingine.